Suruali Arobaini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo. Na mimi nimeanza kuandika huku nyuma ya daftari la vipimo, kwa sababu karatasi nyingine hakuna na kichwa changu hakibebi tena mambo yote. Mbele ni viuno na mapaja ya watu. Nyuma nitaweka yangu.

Kapteni wa kambi alimtuma askari aniite asubuhi. Nilidhani ni habari ya mwanetu, nikaacha nguo ya mtu chini ya sindano ya cherehani. Kumbe ni kazi. Wale mateka waliofungiwa kwenye ghala la zamani la mbegu watabadilishwa na wetu walioko upande wa pili, arobaini na mbili kwa arobaini na mbili, tarehe thelathini, pale darajani. Mapatano yanasema kila upande uwavishe watu unaowarudisha: suruali ya kijivu na shati, vipya, si matambara. Mafundi wa jeshi wote wako mstari wa mbele, kwa hiyo wamenikumbuka mzee mimi.

Nikamwambia, "Kapteni, mimi niwashonee hao? Hao hao?"

Alifungua droo, akatoa orodha, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na saba. Jina la mwanetu, lote, mpaka la babu yake.

"Mzee wangu," akasema, "wewe shona tu."

Nimerudi na majora mawili ya kwanza ya kitambaa begani. Mke wangu alikuwa anafua. Nilipomwambia alikaa kizingitini na shuka lililolowa mikononi, maji yakamchuruzika hadi miguuni. Miezi kumi na tisa hatukujua hata kama anapumua.

Jumatano, 6 Machi

Nimepima watu arobaini na mbili kwa siku moja. Mgongo huu si wangu tena.

Walipangwa mstari ndani ya ghala, wamevua mashati, na askari wawili mlangoni. Panya tu ndio waliokuwa huru mle ndani. Sikutaka kuwagusa wale watu. Kila niliyemsogelea nilijiuliza kama ni yeye aliyemwelekezea mwanangu bunduki. Fundi anayejijua, akizungusha futi kiunoni mwa mtu, huingiza kidole kimoja kati ya futi na mwili, ili nguo imwachie mwenyewe nafasi ya kuvuta pumzi na kukaa. Leo sikuingiza kidole kwa mtu hata mmoja. Nilikaza futi kama nafunga mzigo wa kuni.

Wa tisa ni mrefu kuwapita wote, ikabidi nipande juu ya ndoo ili nimfikie mabega. Akaanza kucheka.

"Fundi, kidole kiko wapi?"

"Kidole gani?"

"Usinifanye mtoto. Baba yangu ni fundi. Mwaka wa arobaini huu yuko kwenye cherehani ileile, na kila nguo inayoingia nyumbani lazima aigeuze ndani nje aone aliyeshona ni mtu wa namna gani. Angekuona leo angekunyang'anya hiyo futi."

Nikaandika: kiuno, inchi thelathini na tatu. Nikaita, "Mwingine!"

Nilipofika nyumbani niliona aibu. Kidogo tu, lakini niliiona.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekata siku nzima. Mvua.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu ameanzisha maswali, na hayaishi.

"Wanakula nini?"

"Uji na maharage."

"Wanashiba?"

"Nitajuaje, mama? Mimi nashona, sipiki."

"Si wewe unayewashika viuno?"

Najua anachotafuta. Anawauliza wale lakini anamtafuta mwanetu. Amejiwekea kwamba hawa wakishiba huku, na yeye anashiba kule, utadhani wote wanapakuliwa kwenye sufuria moja. Nimechoka kumjibu, na nikinyamaza anaona namficha kitu.

Jumanne, 19 Machi

Mkanda wa cherehani umekatika. Nimefunga kamba. Bado suruali kumi na moja.

Jumamosi, 30 Machi

Hakuna kilichobadilishwa.

Tumefika darajani saa mbili, wao wamevaa nguo zangu, mimi nina sindano na uzi mfukoni kama kutakuwa na kifungo cha kushikiza. Tumekaa kwenye malori mpaka saa tisa. Mvua inapiga turubai. Mwisho Kapteni akaja ameloa chapa chapa, akasema wale wameleta orodha mpya yenye maafisa sita, na sisi tunao watano, na afisa hawezi kubadilishwa na askari wa kawaida. Geuzeni.

Kwa ajili ya mtu mmoja! Nimetukana mpaka dereva akaniangalia.

Nyumbani nilikuta kitanda cha mwanetu kimetandikwa shuka lile alilokuwa akilifua siku ile. Mke wangu alinitazama usoni mara moja tu, akaenda akalitandua na kulikunja.

Jumatatu, 8 Aprili

Kapteni ameniita: suruali zinadondoka. Nilidhani ananitania. Nimeenda nikawakuta wamesimama wamezishika kwa mkono kiunoni, watu wazima, kama watoto waliorithishwa nguo za kaka zao.

Lori la chakula limekwama kwenye matope wiki ya pili sasa. Uji umekuwa maji. Askari wenyewe wanakunywa uji huohuo, nimewaona, kwa hiyo sijui nimkasirikie nani. Nimepima upya. Mrefu ametoka thelathini na tatu mpaka thelathini na moja.

"Leo kidole kipo," akasema.

"Nyamaza nipime."

Hakunyamaza. Kwao alikuwa akifundisha historia sekondari, na nadhani tangu wamkamate hajapata darasa. Nikiwa na pini mdomoni, siwezi hata kumkatiza, akanisomea somo zima. Kwamba zamani wako waliowaua mateka wote kwa kuona ni usumbufu kuwalisha. Wengine waliwauza sokoni. Wengine waliwashikilia wenye ukoo mkubwa mpaka ndugu zao walete dhahabu, na yule asiye na ukoo akafia shimoni. Wako hata waliomwachia mtu aende kwao kwa kiapo tu, kwamba hatashika silaha tena mpaka vita viishe, na akaenda, na akakitimiza.

"Na kuna vita ambavyo jenerali mmoja alibadilishwa na askari sitini," akasema.

Nikatoa pini. "Na fundi?"

"Fundi hawamrudishi. Wanakaa naye."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Nikamuuliza, na sisi je, na ujanja wetu wote huu wa leo, tumefika wapi?

Akavuta kiuno cha suruali yake mbele, pengo lenyewe lingetosha kupitisha paka. "Sisi tumefika kwenye suruali," akasema.

Nimepunguza zote arobaini na mbili. Kupunguza si kazi ngumu: unafumua nyuma na ubavuni, unaingiza nguo ndani, unashona mstari mpya. Kile kitambaa kinachoingia ndani nakiita akiba. Mtu akinenepa, unafumua mstari, nguo inarudi.

Jumamosi, 20 Aprili

Imeahirishwa tena. Mto umepanda juu ya daraja. Mke wangu hakutandika kitanda.

Ijumaa, 26 Aprili

Ndoo tatu ndani ya nyumba kukinga mvua. Kikohozi. Sina la kuandika.

Alhamisi, 2 Mei

Nimefanya kitu leo na nataka kukiandika chote, kwa sababu kesho nitaanza kujitetea.

Tarehe mpya ni kumi na nane. Kapteni aliniita nipime mara ya tatu. Mrefu, ishirini na tisa. Wako wenye ishirini na saba. Nilipokuwa nazungusha futi nilihisi mifupa ya nyonga, na kidole changu hakikuhitaji kusukumwa, kiliingia chenyewe. Mrefu hakutania leo. Aliegemea ukuta, nikimaliza upande mmoja anageuka mwenyewe.

Nimepunguza zote tena, mstari wa tatu. Sasa ndani ya kila suruali kuna nguo nyingi kuliko mtu, na mishono imevimba. Kapteni akapita na tochi anazikagua zikiwa mwilini. Akanivuta pembeni.

"Mzee, hii inaonekana."

"Nini?"

"Hii." Akabonyeza mshono wa nyuma wa mateka mmoja, bila hata kumwomba radhi. "Kesho kutwa anakuja mkaguzi wa mapatano, na mpiga picha. Akiona hivi atajua zimepunguzwa. Akijua zimepunguzwa ataandika tunawaua kwa njaa. Akiandika hivyo, pande zote zinarudi mezani. Unajua mezani ni muda gani?"

"Sijui."

"Mara ya mwisho ilikuwa miezi sita. Kata hiyo ya ndani yote, piga pasi, zilale."

Nikamwambia, "Kapteni, nikikata hairudi. Mtu akinenepa, nguo haipanuliki tena."

"Wakinenepa watakuwa kwao."

Nilisimama pale. Naapa nilisimama. Nilitaka kusema ngoja nipige bandi kwa ndani, mishono ya mkono, niibane akiba kisha niilaze kwa pasi. Inawezekana, ni kazi ya siku mbili, na macho yangu yamechoka, na mkasi ulikuwa mezani, na nilikuwa nimeunoa juzi tu. Na nilimwona mwanangu akikaa kule miezi sita mingine. Basi.

Nimekata. Suruali ya kwanza mkono ulikuwa mzito. Ya kumi ulikuwa umezoea. Vipande vikaanguka chini kama maganda.

Mrefu alikuwa anasubiri yake amejifunga blanketi.

"Unakata, fundi?"

"Nakata."

"Ndivyo ulivyoamriwa?"

"Ndivyo."

Alipoivaa, ilimkaa vizuri mno, paja nyoofu, kiuno safi, angeweza kwenda kuposa. Kwenye picha hakuna atakayejua. Mimi ni fundi mzuri na leo nimelichukia hilo.

Jumamosi, 4 Mei

Mkaguzi ni mwanamke wa makamo, miwani, viatu vya mpira vyenye matope mpaka magotini. Ametembea kutoka lori lilipokwama. Alizungumza na mateka wanne, Kapteni akiwa amesimama hatua mbili nyuma yake, kwa hiyo waliyosema unaweza kuyakisia. Kisha akaja kwenye meza yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyewapima? Mwezi wa tatu?"

"Ndiye."

"Naomba daftari la vipimo."

Daftari lilikuwa ndani ya koti langu. Hili hapa. Lilikuwa limenigusa kifuani. Mbele thelathini na tatu, thelathini na moja, ishirini na tisa, kila mtu na namba yake na tarehe. Nyuma haya yote.

Nikasema, "Lililowa na mvua, mama. Nikalitupa."

Hakuwa mkali. Nadhani amedanganywa na watu wengi kwenye vyumba vingi na anatujua kwa sura. "Mzee una mtu kule?" akauliza, pole pole.

"Ninaye."

Akafunga kalamu yake.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimesema ukweli. Nikamwambia nimedanganya. "Umefanya vizuri," akasema, kisha akaacha chakula chake, akaenda kukaa nje kwenye baraza, kwenye baridi ile. Nikamfuata, nikakaa naye.

Jumapili, 12 Mei

Lori la chakula limefika. Sasa!

Jumamosi, 18 Mei

Amerudi.

Nitaandika taratibu. Daraja lilikuwa bado na tope la mto juu yake. Filimbi inapigwa, kumi wanaanza upande huu na kumi upande ule, wanapishana katikati, wanaoenda kulia, wanaokuja kushoto. Mimi nilisimama mwanzoni mwa daraja, upande wa kushoto, na sindano yangu isiyo na kazi.

Mrefu alikuwa kundi la pili. Alipofika kwangu alipunguza mwendo.

"Wako ni yupi?"

"Bado sijamwona. Ana masikio kama haya yangu."

"Basi hatanipotea," akasema. Akaenda zake na ile suruali yangu safi.

Nikamwona akipishana na wetu katikati. Nikaona anamshika mtu bega, anamwambia kitu, askari anamsukuma. Na yule aliyeshikwa bega akageuza kichwa akaangalia moja kwa moja nilipo. Nilimjua kwa masikio. Uso nisingeujua.

Aliniambia baadaye, tukiwa kwenye lori: "Mtu mmoja mrefu kaniambia, baba yako yuko upande wako huohuo, mwisho wa daraja, usipite ukampita."

Nimemshika mkono njia nzima kama mtoto, na yeye ameniachia nimshike. Nguo zake zimemkaa vizuri. Niliona hilo nikashukuru, nikasema moyoni, angalau kule wamemlisha.

Jumatatu, 20 Mei

Amelala siku mbili. Mke wangu amenikamata mlangoni leo, amebeba suruali aliyorudi nayo mwanetu, mvuke wa maji ya kufulia bado unaitoka. Uso wake umebadilika.

"Hii ina uzito gani?" akasema. "Shika."

Nikaishika. Suruali ya mtu mwembamba namna ile, hata ikilowa, haiwi na uzito huo. Nikaigeuza ndani nje, hapohapo mlangoni.

Kwanza sikuelewa ninachokiona. Kisha nikakaa chini.

Mstari mmoja wa mashimo ya sindano, uliofumuliwa. Mwingine ndani yake, umefumuliwa. Na wa tatu unaoshika sasa. Imepunguzwa mara mbili kama zangu, na mara zilezile, ningeweza kutaja tarehe. Kwa hiyo na kule uji ulikuwa maji. Mwanangu alipunguzwa inchi kwa inchi kwa mkono wa fundi, kama nilivyompunguza yule, na kwenye picha alikaa vizuri.

Lakini akiba yote ilikuwemo. Yote. Imekunjwa ndani, imepigwa bandi kwa mkono, mishono midogo midogo iliyopinda ya mtu asiyeona vizuri, imelazwa kwa pasi mpaka kwa nje huwezi kuhisi chochote.

Mwanetu alikuwa ameamka, ananitazama kutoka kitandani.

"Nani alikushonea hii?"

"Bibi mmoja. Mzee, anakohoa. Hakuwa anasema nasi. Akikupima anakutia vidole viwili hapa, anakufinya usimame wima."

"Viwili?"

"Viwili. Siku ya mwisho afisa wao alimfokea akate nguo ya ndani. Nilikuwepo. Akasema mkasi wake butu."

"Na ulikuwa butu?"

Mwanangu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Baba, siku ileile alikuwa amekata shati zima kwa ule mkasi."

Mke wangu alikuwa ameinamia ule mshono, anaupitishia kidole chake kwenda na kurudi, analia bila kificho, na mimi nikalia naye. Yeye alilia kwa ajili ya yule bibi. Mimi sikuwa nalia kwa ajili ya bibi.

Alhamisi, 23 Mei

Vile vipande nilivyokata sikuvitupa. Fundi hatupi nguo. Viko kwenye gunia chini ya meza, na nilikuwa nimeviandika namba kwa chaki, sijui kwa nini. Nimeitafuta namba tisa, ya Mrefu. Vipande vinne, upana wa vidole viwili. Nimevishika muda mrefu kisha nimevirudisha guniani.

Jumapili, 2 Juni

Mvua imekwisha. Ndoo zimerudi nje.

Mwanetu anakula. Anakula taratibu, anaangalia mlango, lakini anakula. Leo asubuhi alisema suruali inambana. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniletea, na mimi nikachukua wembe nikafumua mstari wa tatu. Akiba ikafunguka yenyewe, kitambaa kipya ambacho jua halijakiona. Nikamshonea kwenye mstari wa pili wa yule bibi, nikifuata mashimo yake moja baada ya moja. Umebaki wa kwanza. Kwa mwendo huu, mwezi ujao tutaufikia.

Na Mrefu naye anakula sasa, kwao. Siku moja suruali itambana, na atampelekea baba yake aipanue. Mzee mwenzangu ataigeuza ndani nje, kama anavyogeuza zote, amwone aliyeshona ni mtu wa namna gani. Atakuta nimekata.